Panzi wa Matofalini

Uongo huu ulipozaliwa ulikuwa kweli tupu, ndiyo maana ukadumu. Wasimamizi wa majengo walikuwa wamemleta mpuliza dawa, bwana mmoja mwenye bomba mgongoni na kitambaa puani, akaipulizia michongoma yote kuanzia getini hadi kwenye mapipa ya taka. Mkamwana akapanda ngazi na kopo tupu, akamwambia mama mkwe wake:

"Mama, panzi wa hapa chini hawafai tena. Wamepuliziwa dawa. Tukimpa Meneja, tutamuua."

"Basi?" akauliza Mama Mkwe, maana alikuwa mtu wa kuuliza basi.

"Basi itabidi niende mbali. Kule kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa. Kule hakuna anayepulizia kitu."

Mama Mkwe akamtazama mjusi, akamtazama mke wa mwanawe, akauvuta uzi wenye ufunguo kutoka ndani ya gauni, akafungua mlango. "Usichelewe," akasema.

Meneja ndiye mjusi. Wala usimfikirie kama wale wa darini wanaotimua mbio ukiwasha taa. Huyu alikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ngozi ya rangi ya mchanga, na miiba laini chini ya kidevu iliyomfanya aonekane ana ndevu. Marehemu baba mkwe alimpata kwa mpangaji mmoja aliyekuwa anahama, akamnunulia sanduku la kioo na taa ya kumpa joto, akampa jina hilo kwa sababu, alisema, anakaa chini ya taa kutwa, hafanyi lolote, na chakula analetewa. Mzee alipofariki, ndugu walishauri mnyama agawiwe mtu. Mama Mkwe akawaambia atakayemgusa Meneja amemgusa yeye. Jioni alimtoa na kumweka begani, kama mzee alivyokuwa akifanya, wakatazama televisheni pamoja, na habari ikiwa ngumu alimfafanulia.

Mkamwana alikuwa mke wa mtoto wake wa pekee. Mume aliendesha greda kwenye kazi za barabara, huko barabara zinakoanzia, na nyumbani alikuwa mgeni anayejua vikombe vilipo. Mama yake alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga, mume alipiga simu, akasema kwa sauti ile ya mtu aliyekwisha kata shauri: "Acha kazi kwanza, ukae na mama. Akipona tutaangalia." Mama akapona, akawa anatembea na fimbo yake vizuri tu. Wa kuangalia hakuonekana.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu. Vyumba viwili, sebule, jiko ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke kinyumenyume, mlango wa mbao, na nje ya mlango wa mbao mlango wa chuma. Yote miwili ilifungwa mchana na usiku, na ufunguo ulilala kifuani kwa Mama Mkwe. Kwa sababu ya wezi, alisema. Mkamwana akitaka kutoka ilibidi aombe, na kuomba ni kuhojiwa. Unakwenda wapi? Kwa nani? Si ulitoka juzi? Vitunguu vyote vile vimeishaje, tunavioga? Hakupigwa, hakunyimwa chakula, na matusi hayakuzidi utani wa mama mkwe yeyote mwenye ulimi mkali. Hapo ndipo palipomuumiza. Hata angetaka kulalamika, angelalamikia nini, na kwa nani? Mama yake mzazi alimwambia kwenye simu kwamba ana bahati. Na usianze kuniambia kuwa aliyekuwa ndani ya sanduku la kioo hakuwa mjusi. Hilo alishalifikiria mwenyewe, tena mara nyingi, akalichoka.

Kwa ajili ya Meneja peke yake mlango ulifunguliwa bila maswali.

Maana mjusi yule hakushiba kwa kitu kisichotembea. Majani alionja kwa adabu tu, kama mgeni aliyekula alikotoka. Na kumlisha mjusi wa ndani wadudu wa nje kuna masharti, ambayo marehemu aliyafundisha nyumba nzima mpaka wakayajua kama majina yao. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, asije akamkwama. Viwavi wenye manyoya, hapana. Wadudu wenye rangi za kung'aa, nyekundu na njano, hapana. Kimulimuli usithubutu, mmoja tu anamaliza kazi. Panzi mkubwa mkate miguu ya nyuma, ina miiba inayokwaruza koo. Ukishawakamata, walaze ndani ya kopo usiku kucha pamoja na karoti na majani safi, watoe tumboni walichokula huko walikotoka, na ukiamka ukakuta wamekufa, shukuru kwamba hukuwatumia. Halafu kubwa kuliko yote, ambalo mzee alilirudia mpaka wakamcheka: mdudu anayekamatika kirahisi, mwache. Panzi mzima ana ujanja wake, anakuacha umkaribie kisha anaruka. Anayekungoja ana sumu mwilini.

Miezi ikapita. Siku moja mlinzi wa getini alimwambia Mkamwana, katika kupiga domo, kwamba yule mpuliza dawa amekatizwa mkataba, hajaonekana tangu mvua zile, na mbu sasa wanambeba yeye na kiti chake. Mkamwana akacheka, akapanda ngazi akiwa na habari mdomoni. Akafika mlangoni, akasikia ufunguo ukizunguka ndani, akaimeza habari yake. Ndivyo kweli ilivyogeuka uongo, wala hakuwa amesema neno hata moja jipya.

Njia ya kwenda matofalini ilipita mbele ya duka la miwani. Hapo ndipo alipokuwa akifanya kazi kabla ya simu ile ya mumewe. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi. Lenzi inakuja duara, kubwa, haina mwenyewe. Unaipima kwa fremu, unaibana kwenye mashine, unaisogeza kwenye jiwe linalozunguka na maji yanatiririka juu yake, unga mweupe unashuka kwenye beseni, unaipunguza kidogo kidogo huku unasikiliza. Ukizidisha kidogo tu, imeharibika, tupa. Ukiipata sawasawa, unaisukuma kwenye fremu kwa dole gumba na inaingia yenyewe. Alikuwa akiipenda kazi hiyo, kwisha. Alipita kusalimia tu siku ya kwanza. Mwenye duka, mzee mfupi aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye kipara, alikuwa amekwama na lenzi nene ya mteja mkali. Mkamwana akaweka kopo chini, akanawa mikono, akakaa kwenye kile kigoda chake cha zamani. Alipoinuka, moyo ulikuwa mwepesi mpaka akaogopa Mama Mkwe ataliona jambo hilo usoni mwake.

Tangu hapo ikawa hivi: anakwenda matofalini mbio, anakamata panzi kwenye majani marefu kati ya tanuri zilizobomoka, na muda unaobaki anaumalizia dukani. Panzi wa siku hizi wamekuwa wajanja, alimwambia mama mkwe wake, ndiyo maana nachelewa. Mama Mkwe hakuuliza zaidi. Kinyume chake, alianza kumsifu. Aliwaambia majirani kwamba mke wa mwanawe anatembea jua kali kumtafutia Meneja chakula kisicho na dawa, kwamba wako wakwe wa siku hizi hata maji hawakuchotei. Na kwa kuwa panzi wenyewe walitoka mbali, mahali safi, aliacha kabisa kuwalaza koponi usiku. "Hawa wako hawana haja," alisema. Maneno hayo yalimchoma Mkamwana kuliko maswali yote ya mlangoni, lakini alijikaza.

Halafu mwenye duka akamwambia kuwa fundi wake anaondoka kwenda kufungua duka lake mwenyewe. "Nataka mtu wa kila siku," alisema. "Kuanzia mwanzo wa mwezi. Nakutaka wewe. Lakini kama huwezi, niambie mapema nitafute mwingine, mimi siwezi kuwaambia wateja wasubiri mpaka mjusi ashibe."

Wakacheka wote wawili. Njiani Mkamwana hakucheka tena. Kila siku! Panzi wangapi watatosha kumtoa mtu nyumbani kila siku, asubuhi hadi jioni? Uongo wake ulikuwa na urefu wake, na urefu huo aliujua barabara. Ilibidi amwambie mama mkwe wake kweli, na kila alipofungua kinywa aliuona ufunguo umelala kifuani, akasema jambo jingine. Akauliza chai iwe na tangawizi au isiwe. Akauliza kama nyonga inauma. Usiku alilala macho akipanga maneno, asubuhi maneno yalikuwa yameyeyuka.

Mwezi ulipokaribia kuisha alitoka na kopo lake kama kawaida, lakini siku hiyo alianza dukani. Alitaka kumwomba yule mzee amvumilie kidogo. Akamkuta na mteja amesimama juu yake, mama mmoja dereva wa basi ambaye bila miwani yake hakuruhusiwa kugusa usukani, na gari linaondoka jioni hiyo. Mkamwana akakaa. Lenzi ya kwanza ikaingia vizuri, ya pili ikapasuka ukingoni, akaanza upya. Alipoinua macho kutazama saa ukutani, muda ulikuwa umekwenda. Kwenda matofalini na kurudi hakukuwezekana tena.

Mwenye duka akasema atamngoja siku ya kwanza ya mwezi, si zaidi, naye akarudi karibu anakimbia. Getini mlinzi hakuwepo kwenye kiti chake. Michongoma ilikuwa imesimama palepale, ya kijani, na yeye alijua habari zake, haijapuliziwa tangu zamani. Akatazama juu dirishani, hakuona mtu. Akainama. Na panzi, jamani, walikuwa tele, wametulia kwenye majani, wakubwa kwa wadogo. Alinyoosha mkono tu. Hakuhitaji hata kuwafunika kwa kiganja. Kufumba na kufumbua kopo lilikuwa limejaa, naye akapanda ngazi akijiambia kwamba leo ana bahati.

"Umechelewa," Mama Mkwe alisema.

"Leo walikuwa wagumu, mama."

"Basi lete hapa. Mwenzio tangu jana anakwaruza kioo tu." Akapokea kopo, akachukua kibanio kidogo cha kulishia cha marehemu. "Kula, baba. Wametoka mbali hawa."

Mkamwana alisimama mlangoni mwa jiko na kutazama. Angesema leo tuwalaze koponi, angeulizwa kwa nini leo. Meneja alikula wa kwanza, akala wa pili, akafumba macho kwa raha kama alivyozoea. Mama Mkwe akampa na wengine. Kisha akakaa kwenye kiti chake, na Mkamwana akaingia jikoni kumenya viazi.

Alikuwa bado kwenye viazi aliposikia jina lake likiitwa. Si "wewe", si "mke wa mwanangu", jina lenyewe, ambalo ndani ya nyumba ile lilikuwa limeanza kuota vumbi. Alimkuta Mama Mkwe amepiga magoti mbele ya sanduku, na nyonga yake ile. Meneja alikuwa amejinyoosha, mdomo wazi, povu kwenye kona za midomo. Miguu ilitetemeka yote minne. Alijaribu kuinua kichwa, kikaanguka.

Hapo ndipo Mkamwana aliposikia sauti ya marehemu kichwani mwake, anayekungoja ana sumu mwilini, na mikono yake ikakumbuka jinsi ilivyonyooshwa tu.

Mama Mkwe hakuwa ameshuka ngazi zile tangu aliporudishwa kutoka hospitali. Siku hiyo alishuka. Alishuka kwa makalio pale fimbo iliposhindwa, ghorofa baada ya ghorofa, mjusi amemfunga kwenye kanga kifuani, na hakukubali abebewe. Kwenye gari la kukodi hakusema kitu isipokuwa kumwambia dereva aache kukanyaga mashimo.

Daktari wa mifugo alikuwa msichana mwenye nywele fupi na mikono mitulivu. Akamlaza Meneja kwenye meza ya bati, akamfunua kope, akamgusa tumbo. "Kala nini?"

"Panzi," akajibu Mama Mkwe.

"Wa kununua au wa nje?"

"Wa nje. Lakini wetu ni wasafi, daktari. Huyu mke wa mwanangu anawafuata mpaka kiwanda cha matofali, mbali kabisa. Wa hapa kwetu hatumpi. Hilo tunalijua, marehemu mume wangu alitufundisha."

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Akasema kama wadudu hawana sumu, basi huenda ni upungufu wa madini ya chokaa kwenye damu, huwapata sana mijusi wanaokaa ndani bila jua, nao huanza kutetemeka hivihivi. Atamchoma sindano ya madini kwanza waone. Akageuka kabatini.

Mkamwana alikuwa amesimama kati ya ukuta na mzani wa kupimia mbuzi. Mawazo yalimjia haraka, yote kwa pamoja, na yote yalikuwa mabaya. Akisema, imekwisha: hakuna tena matofali, hakuna duka, na jina lake katika nyumba hiyo litakuwa muuaji. Asiposema, mjusi atachomwa sindano isiyo yake na atakufa, na Meneja akifa, mlango utafunguliwa kwa ajili ya nani? Alizunguka huku, akazunguka kule, hakuona pa kutokea. Daktari alikuwa amekwisha vuta dawa kwenye bomba la sindano na anaigongagonga kwa ukucha.

"Si wa matofalini," akasema.

Daktari akageuka.

"Nimewakamata kwenye michongoma ya getini kwetu. Leo. Walikuwa wanakamatika tu. Nadhani kumepuliziwa."

Hakumtazama Mama Mkwe. Daktari naye hakupoteza muda kumshangaa mtu. Aliweka sindano ile pembeni, akaomba namba ya mlinzi wa jengo, akampigia. Ndiyo, mlinzi alisema, mpuliza dawa mpya alikuja jana, dada hakuambiwa? Daktari akauliza jina la dawa, akalirudia mara mbili, akawaambia watoke nje wamwachie nafasi.

Kwenye benchi la nje walikaa na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Mwanamume aliyeleta ndama alisogea mbali nao bila kujua kwa nini.

"Matofalini hukwenda," Mama Mkwe akasema.

"Leo sikwenda, mama."

"Na siku nyingine?"

"Nilikwenda. Nakamata haraka, halafu nakwenda kwenye duka la miwani."

"Kufanya nini?"

"Kazi. Ile yangu."

Mama Mkwe aliishika fimbo kwa mikono yote miwili. "Nimemlisha kwa mkono wangu," akasema. "Nikamwambia kula, baba."

Mkamwana alilia. Alilia kwa ajili ya mjusi, kweli, na kwa ajili ya kanga iliyolowa povu, na pia, mtu mzima hasemi uongo mbele ya nafsi yake, kwa ajili ya kile kigoda mbele ya mashine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa, mama."

"Ningekataa," Mama Mkwe akakubali palepale, wala hakuzunguka. "Naam. Ningekataa."

Daktari alitoka kabla jua halijatua. Alisema alijitahidi. Alisema mnyama ni mdogo na sumu ilikuwa nyingi, kwamba hata angepata dawa mapema zaidi hana uhakika. Mama Mkwe akamshukuru, akauliza kama anaweza kupewa kanga yake.

Walimfukia Meneja kwenye chungu kikubwa cha maua kilichokuwa roshani. Mama Mkwe alichimba kwa kijiko cha kupakulia na hakutaka msaada. Taa ya sanduku aliizima mwenyewe. Sebule ikawa na giza kwenye kona ambayo miaka yote ilikuwa na mwanga wa njano, na mtu ukipita ulijikuta unageuka kuangalia.

Siku zilizofuata waliongea kuhusu chumvi na maji tu. Mume alipopiga simu, Mama Mkwe alimwambia Meneja amekufa. Amekufaje? Amekufa tu, uzee. Mkamwana aliyasikia hayo akiwa jikoni, akaduwaa na sufuria mkononi. Hakujua kama amesamehewa au amewekwa kiporo. Mlango haukufunguliwa. Hakuomba ufunguliwe, maana angeomba kwenda kufanya nini? Mara nyingine alijikuta amesimama kwenye kijia kati ya mlango na sebule, mikono mitupu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ya siku yenyewe Mkamwana aliamka, akaoga, akavaa sketi nyeusi na viatu vya kufunga, nguo zake za kazi za zamani, zilizokuwa zimeanza kumbana. Alikuwa amepiga moyo konde. Hatadanganya tena. Atasema kweli, neno kwa neno, na akikataliwa atakataliwa kwa kweli.

Alipotoka chumbani alimkuta Mama Mkwe ameketi kwenye kiti, na kiti amekiweka mbele ya mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini, mama. Wananingoja leo. Wakinikosa leo watamchukua mwingine." Akaikaza kamba ya kiatu kimoja. "Naomba unifungulie."

Mama Mkwe hakuinuka, wala hakufoka. Aliutoa ufunguo nje ya gauni, akaushika tu. "Siku ile ya bafuni," akasema, "nilimwambia mwanangu nilianguka jioni. Nilianguka asubuhi, wewe umeshatoka kwenda kazini, chai ikiwa bado ya moto. Nimelala pale chini kutwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilisikia watu wanapanda na kushuka ngazi, wanacheka. Nilimsikia Meneja anakwaruza kioo, ana njaa, na mimi siwezi kufika. Giza likaingia. Hakuna mtu niliyemwambia hili. Huu ufunguo si wa wezi."

Mkamwana alisimama. Miaka yote alikuwa amemchukia mwanamke huyu kidogo, kwa siri, chuki ya kumsaidia mtu kuishi, na sasa alihisi inamtoka, na hakufurahi. Mlango wa chuma angeweza siku moja kuuvunja. Haya aliyoyasikia angeyavunja kwa kitu gani?

"Nitarudi jioni, mama."

"Kila mtu anasema atarudi jioni. Mume wangu alisema. Mwanangu anasema kila akiondoka." Aliugeuza ufunguo kiganjani. "Niambie unakwenda kutafuta panzi."

"Mama?"

"Niambie unakwenda matofalini kumtafutia panzi."

"Mama, Meneja amekufa."

"Nimemfukia mimi, unaniambia nini? Sijachanganyikiwa. Ulipokuwa unakwenda kumtafutia chakula, mimi nilikaa hapa nimetulia. Nilijua utarudi, kwa sababu yeye yupo, anakula, na wewe huna roho ya kumwacha na njaa. Nilikuwa najua hata ukichelewa. Sasa utarudi kwa ajili ya nani?"

Jibu lilikuwa rahisi, maneno matatu tu, na mtoto yeyote mwema angeyasema. Mkamwana aliyatafuta. Aliyatafuta kwa nia njema kabisa, akiwa amemtazama yule mwanamke na mikono yake yenye mishipa, na hakuyakuta, na siku hiyo alikuwa ameapa asidanganye.

Nje mtu alishuka ngazi akipiga mluzi.

"Nakwenda matofalini, mama," akasema. "Panzi wa hapa wamepuliziwa dawa."

Mama Mkwe akainuka, akasogeza kiti, akafungua mlango wa mbao, akafungua na wa chuma. "Usichelewe," akasema.

Alifika dukani mapema. Mwenye duka alimpa ufunguo wa kabati la lenzi na koti jeupe lenye jina la fundi aliyeondoka, akasema watalibadilisha. Alisaga lenzi kutwa. Zote zilikubali, hata moja haikupasuka, na mara kadhaa alijikuta anatazama saa.

Jioni alipanda ngazi. Hakuwa amegonga bado, ufunguo ulishaanza kuzunguka ndani. Mama Mkwe alisimama na fimbo yake, amevaa gauni la asubuhi ileile, kiti kiko nyuma yake, na kwenye uso wake kulikuwa na tabasamu dogo la mtu anayeona haya kuomba.

"Umewapata?" akauliza.

"Wachache, mama," Mkamwana akajibu, akaingia ndani.